Siku Baba Aliposimama Mbele ya Tume ya Katiba

Wiki ile sikutulia. Kila nilipopanda treni kwenda kazini Sandton nilifungua simu kusoma habari za nyumbani, Kenya, ambako wanasiasa walikuwa wameanza tena kuzungumzia kurekebisha katiba. Nasoma habari, nasoma kifungu cha uraia, nafunga, na kabla ya kituo kinachofuata nimeshafungua tena.

Jumamosi binti yangu, aliyezaliwa hapa Johannesburg, alikuwa mezani na kazi ya shule: katiba ya Afrika Kusini ilitoka wapi. Nikamweleza ninayoyajua, kwamba kwanza kulikuwa na katiba ya muda, wananchi wakatuma maoni, kisha mahakama ikairudisha katiba mpya irekebishwe kabla ya kuikubali.

"Na ya kwenu?" akauliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake.

"Ni yako pia," nikasema, kwa ukali ulionishangaza mwenyewe. Nikainuka kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Ni yake kwa sababu ya babu yake. Miaka hiyo dada yangu alirudi nyumbani kwetu Voi kutoka Uganda akiwa na mtoto mchanga, ndoa imevunjika. Sheria ya wakati huo ilimpa mtoto aliyezaliwa nje uraia kupitia baba tu. Mjukuu wa nyumba ile akawa mgeni, wa kuombewa kibali kila mara. Tume ya kukusanya maoni ya katiba mpya ilipofika katika ukumbi wa kanisa letu, Baba akasimama. Ana kigugumizi.

"Mama naye," akaanza, akakwama. "Mama naye ampe mtoto nchi."

Wanaume wa nyuma wakacheka. Mmoja akasema mtoto apelekwe kwa babake. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Niliona haya, nikatoka kabla Baba hajamaliza.

Miaka ikapita. Rasimu moja ikakataliwa kwenye kura, nyingine ikapita, na haki hiyo ya mama imo ndani yake. Mume wangu ni Mkongomani. Binti yetu ana pasipoti ya Kenya kupitia kwangu. Lakini juu ya siku ile sikuwahi kumwambia Baba neno.

Nikampigia simu hapo hapo jikoni.

"Baba, siku ile ya tume nilitoka nje. Nilikuonea aibu."

"Nilikuona, mama. Nilidhani umeenda kuniletea maji."

"Sikurudi."

"Hukurudi. Nilimaliza hivyo hivyo."

Nikamwomba radhi. Akasema yameisha, kisha akauliza lililokuwa likimkera yeye: "Hicho kifungu, wanataka kukigusa?"

"Sijaona wakikitaja."

"Nisomee."

Nikakitafuta kwenye kompyuta ya binti yangu, nikamsomea. Mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake ni raia, awe amezaliwa nchini au nje. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Binti yangu alikuwa ameacha kuandika, ananitazama.

"Wamemtaja mama kwanza," Baba akasema.

Ni kweli. Nilikuwa nimekisoma wiki nzima bila kuliona hilo.