Mtungi wa Maji Kutoka Lucky Summer

Mama yangu alikuwa na kiapo kimoja: pombe isimguse. Si kunywa tu, hata kwenye ngozi. Baba, karani wa kanjo, baraza la jiji, alikunywa chang'aa kule Majengo hadi ikamla macho, kisha ikammaliza mwenyewe. Siku tuliyomzika, Mama aliapa mbele ya kanisa zima.

Basi mwanangu alipozaliwa kabla ya wakati, akalazwa chumba cha watoto wachanga, na sista, muuguzi wa zamu, akamnyooshea Mama chupa ya sanitaiza mlangoni, nilijua kuna vita. Mama aliinusa, akaficha mikono ndani ya leso.

"Hii ni pombe."

"Ni dawa ya mikono, shosho. Bila kujipaka humshiki mtoto."

"Basi nipe maji na sabuni."

Maji! Mifereji ya wodi ilikuwa imekauka tangu asubuhi.

Mimi nami mdomo wangu hauna breki. "Mama, aki hata Mungu anakuonea haya! Mjukuu wako yuko pale, na wewe unabishana na chupa!"

Mama alinipa mgongo. Alichungulia kupitia kioo, akamwambia mtoto, "Kukhu anakuja," ndivyo nyanya anavyoitwa kwetu magharibi, akaenda zake.

Ningemshika bega nikamwambia, "Mama, naogopa," angekubali. Namjua. Lakini nilipiga kelele. Watu husema majuto ni mjukuu. Nyumbani kwetu hatuitamki tena methali hiyo.

Alirudi jioni kutoka mtaani kwake, Lucky Summer, mtungi wa maji kichwani, kipande cha sabuni kimefungwa kwenye pindo la leso. Watu walimcheka pale koridoni. Mwanangu alikuwa ameacha kupumua mchana huo. Nilikuwa nimempakata, amefunikwa shuka, na sista alikuwa ameketi kando yangu.

Mama alinitazama usoni, akaelewa. Aliutua mtungi chini. Nilidhani atanawa. Wapi! Alimwendea sista, akakinga viganja vyote viwili.

"Nipe hiyo yenu."

"Pole, shosho. Sasa si lazima."

"Nipe, mwanangu."

Alijipaka polepole, kati ya vidole, hadi kwenye vifundo vya mikono, akingoja ikauke, machozi yakimtiririka. Harufu ile ya Baba ilitufikia sote wawili. Kisha akanyoosha mikono, nami nikampa mjukuu wake amshike kwa mara ya kwanza.