Gari Lililopitishwa kwa Jina la Absalom

Alipokuwa hai, Absalom Rwegasira hakuwa na gereji. Alikuwa na tochi, kioo kidogo chenye mpini mrefu, na pakiti ya vijiti vya udi katika mfuko wa shati. Watu wa mtaa wa Al-Shumaisi, Riyadh, walimwita kabla ya kununua gari, naye alilizunguka saa nzima bila kufungua kinywa. Akisema "chukua," wanachukua. Akisema "liache," hata muuzaji hakubishana sana. Wahaya wenzake walitania kwamba wauzaji wa Riyadh wakimwona Absalom kwa mbali huanza kuyaombea magari yao.

Kwa karavani, yaani magari yale yenye vitanda na jiko ndani, alikuwa na kanuni yake. "Gari la kupita unaangalia injini," alikuwa akimwambia mkewe, Euphrasia. "Gari la kulala unaangalia pumzi." Alifunga milango na madirisha yote, akawasha kijiti kimoja cha udi, akakaa kitandani akitazama moshi. Ukitafuta njia ukatoka, gari linapumua. Ukining'inia tu juu ya kichwa chake, alishuka na kutafuta kilichozibwa.

Homa ya mapafu ilimchukua mwaka ule wa corona. Euphrasia, muuguzi mkuu katika kliniki ya meno ya Madam Nuf, alibaki na mambo mawili ya mumewe: kioo chenye mpini, na jina. Kioo alimpa shemeji yake, Elkanah, mdogo wa marehemu, ambaye naye alikuwa fundi. Jina hakumpa. Elkanah alilichukua mwenyewe. Kwenye kadi zake aliandika "Absalom na Nduguye", na Euphrasia alipoiona kadi hiyo alinyamaza, kwa kuwa ndugu ni ndugu, na kwa kuwa ilimfurahisha kuona jina hilo bado linatembea mjini.

Ndiyo maana, majira ya baridi ya mwaka uliofuata, Madam Nuf alipotaka kununua karavani ya kupelekea watoto na mama yake jangwani, hakutafuta mbali. "Nitafutie watu wa Absalom," alisema. Euphrasia alijisikia amesimama wima zaidi ya siku zote.

Yeye na madam wakashuka kwa ndege hadi Jeddah, kwenye yadi moja nyuma ya maduka ya Al-Baghdadiyah. Elkanah alikuwa ametangulia. Magari matatu yalipangwa juani. La kwanza lilikuwa Winnebago ya Kimarekani, kubwa kama basi, ambalo ukuta wake mmoja ulitoka nje kwa kubonyeza kitufe, sebule ikapanuka. Madam Nuf alicheka kwa furaha, kisha akauliza uzito.

"Hilo linataka leseni ya magari mazito, madam," Elkanah alisema. "Hashim ataendesha, wewe utapumzika nyuma."

Hashim, dereva wa familia, mtu wa Lamu, alikuwa amewapokea uwanjani. Alikohoa kidogo akatazama pembeni.

"Miaka thelathini na minane nimepumzika nyuma, hadi wanawake tukaruhusiwa kuendesha," Madam Nuf alisema. "Hili mafi, silitaki. Nionyeshe jingine."

La pili lilikuwa Mercedes nyembamba, van iliyogeuzwa chumba. Liliendesheka kama gari la kawaida, lakini lilikuwa na kitanda cha watu wawili tu. "Hapa mama yangu atalala wapi, ndani ya friji?" Hata Euphrasia alitabasamu.

La tatu lilikuwa la Kijerumani juu ya injini ya Fiat, lenye kitanda cha ziada juu ya kichwa cha dereva. Lililaza watu sita, na uzito wake haukuvuka leseni ya kawaida. Muuzaji alipitisha kitambaa cheupe chini ya meza, kabatini, hadi kwenye pembe za sakafu, kisha akakikunjua mbele yao. Hakikuwa na doa. "Mwenye gari aliyepita amekaa nalo miaka minne jangwani," alisema. "Vumbi haliingii."

Euphrasia alikitazama kitambaa kile kwa muda mrefu kuliko wengine. Miaka minne. Nyumbani kwake, ghorofa ya tatu, madirisha yamefungwa, vumbi lilikaa juu ya Biblia kila asubuhi.

"Shemeji," alimwita Elkanah kando. "Hujawasha udi."

"Shem, mambo ya kaka hayo. Siku hizi kuna mashine."

"Iko wapi?"

Elkanah alicheka, akamgusa bega. "Wewe ni muuguzi au fundi? Niachie mimi." Akasaini karatasi ya ukaguzi juu ya boneti. Alisaini "Absalom na Nduguye", na Madam Nuf akachukua funguo.

Jumatatu, gari likiwa limeshafika Riyadh, Euphrasia alikwenda uani kwa madam kupanga mablanketi na sanduku la dawa. Alipofungua kabati la mtungi wa gesi, aliinama na tochi ya simu. Kwenye sakafu, pale ambapo mtengenezaji aliacha matundu ya hewa kwa makusudi, palikuwa pamejazwa sponji na kupakwa silikoni. Alitambaa hadi nyuma ya jiko. Sponji. Akapanda juu ya kiti akagusa kitundu cha darini. Silikoni, nadhifu kabisa.

Jioni ile ile alimkuta Elkanah kibandani kwake Al-Shumaisi, akinywa chai.

"Ulijua," alimwambia.

"Kila mtu huku anaziba, shem. Wateja wanataka gari lisiloingia vumbi. Ukilizibua wanarudisha."

"Na wakiwasha makaa ndani?"

"Kwani wao ni watoto?" Kisha akapunguza sauti, na uso wake ukawa kama wa kaka yake, jambo lililomuumiza Euphrasia. "Nenda kamwambie madam wako, basi. Mwambie Absalom na Nduguye wameuza jeneza. Utamzika kaka mara ya pili, na safari hii mji mzima utakuja matangani."

Euphrasia alirudi nyumbani na maneno hayo. Jumanne, madam akiwa kliniki na wagonjwa, aliomba ruhusa ya saa mbili. Alilala chali chini ya meza ya karavani na kisu cha jikoni, akakata sponji, akakwangua silikoni hadi kucha zikavunjika, akafagia vipande vyote ndani ya mfuko. Mwisho alifunga milango, akawasha kijiti cha udi. Moshi ulijikunja, ukasita, kisha ukapanda hadi kitundu cha darini na kutoka. Akalia kidogo, kwa faraja. Gari limepona, jina limepona. Hakumwambia mtu.

Familia iliondoka Alhamisi, Madam Nuf akiendesha, Hashim akifuata nyuma na pikapu ya maji na kuni. Walielekea kwenye mchanga wa Dahna. Usiku huo upepo ukainuka. Asubuhi ya Ijumaa anga ya Riyadh ilikuwa ya rangi ya matofali, na baridi iliingia hadi kwenye mifupa.

Baada ya saa sita mchana picha iliingia katika kundi la simu la kliniki. Mama yake madam alikuwa ameketi kwenye kochi la karavani, amejifunika shali, watoto watatu wamembana. Miguuni pake palikuwa na chetezo cha ubani na sinia ya makaa mekundu. Chini Madam Nuf alikuwa ameandika: *Vumbi liliingia jana usiku hadi kwenye chakula. Tumempigia Elkanah, ametuelekeza pa kuziba kwa taulo. Halas, yamekwisha, sasa kuna joto.*

Euphrasia alipiga simu ya madam. Haipatikani. Akapiga tena. Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina harufu. Alikuwa akiwafundisha wauguzi wapya jambo hilo kila mwaka. Alimpigia Hashim, na Hashim akapokea, maana alikuwa amerudi barabara kuu kujaza maji.

"Mama Euphrasia, huku hatuonani hata—"

"Rudi kambini sasa hivi. Fungua milango yote, uwatoe nje."

"Kwenye upepo huu? Bibi mzee ataniua. Nikiulizwa nani kasema?"

Hapo alisita. Ilikuwa pumzi moja tu, lakini aliihesabu baadaye maisha yake yote.

"Sema Absalom hakulipima gari lile. Sema shemeji yangu alijua limezibwa. Sema na mimi nilijua."

"Mama, maneno haya yakitoka hayarudi."

"Nenda, mwanangu."

Alikaa kwenye kiti cha mumewe, simu mapajani. Saa moja ikapita. Nje, mwadhini wa alasiri alisikika kama anaadhini kutoka ndani ya gunia. Simu ilipolia, aliisikia sauti ya Hashim ikipasuliwa na upepo.

"Nimewakuta mlango umefungwa. Watoto wanatapika, lakini wanatembea. Bibi mzee tumemlaza mchangani. Anapumua. Anaita watu, ila hatambui anamwita nani. Gari la wagonjwa liko njiani." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Madam anataka simu."

Ukaja upepo mtupu, halafu sauti ya Madam Nuf, ya pole, kavu, kama anayemuuliza mgonjwa jino lilianza kuuma siku gani.

"Euphrasia. Ulijua tangu lini?"

Angeweza kusema leo. Hakuna aliyemwona Jumanne chini ya ile meza, na Elkanah asingejitia kitanzi kwa kumsaliti. Juu ya kabati, picha ya Absalom ilikuwa na vumbi jipya la asubuhi ile.

"Tangu Jumatatu, madam," alisema.

Upande wa pili alimsikia mtoto akilia, akamsikia Hashim akiomba maji, na kwa mbali sauti ya kikongwe ikiita jina ambalo halikuwa la yeyote aliyekuwa pale. Kisha simu ikakatwa.