Mchawi Wangu wa Siku za Ijumaa

Nilipokuwa nafundisha darasa la sita katika shule moja upande wa Ukata, Ijumaa kipindi cha mwisho nilikuwa nawasomea watoto hadithi niliyoitunga mwenyewe. Ilihusu wachawi wa nchi ya kubuni, wenye fimbo za kuamuru mvua na moto. Sheria yao ilikuwa moja: mwenye uwezo mkubwa ajizuie kuliko wote. Niliipenda mno sheria hiyo. Niliitunga nikitembea kati ya mibuni ya mwenye nyumba wangu, nikajiona mtu wa maana.

Hadithi ya namna hiyo inahitaji mchawi mmoja anayeharibikiwa, anayeanza kwa kuponya mifugo na kuishia kutaka kila mtu ampigie magoti. Wangu alikuwa mwanamke. Ili watoto wamwone vizuri nilimpa tabia: kabla ya kuloga, midomo yake ilicheza bila sauti, na kidole kikatambaa hewani kutoka kushoto kwenda kulia.

Tabia hiyo sikuitunga. Niliiiba kwa msichana wa dawati la mbele, aliyejua kusoma kuliko wenzake wote, na hivyo ndivyo alivyosoma: kidole kwenye mstari, midomo ikicheza. Alifundishwa na bibi yake kwa kitabu cha nyimbo za kanisani. Wiki hiyo alikuwa amenisahihisha mbele ya darasa, na alikuwa sahihi. Nikisema sikuwa na kinyongo nitakuwa nadanganya.

Darasa lilimtambua kabla sijamaliza ukurasa. Walicheka mpaka madawati yakatikisika, nami nikacheka nao. Jumatatu alipofungua kitabu wakaficha vichwa chini ya madawati, eti asiwaloge. Kwetu neno mchawi halibaki darasani. Lilimfuata bombani, likamfikia mama yake.

Mama alinijia katikati ya wiki akitoka kuchuma kahawa, vidole bado vinanata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kukuomba. Waambie watoto yule wa kwenye hadithi si mwanangu. Wewe wanakusikiliza."

"Watasahau tu, mama. Ni hadithi."

"Basi waambie hivyo hivyo, mwalimu, kwamba ni hadithi."

Nikaahidi. Ijumaa nikaja na ukurasa ambao mchawi anatubu na kuvunja fimbo yake mwenyewe. Watoto wakanuna. Walionikazia macho wiki zote sasa walichungulia dirishani, wakapiga miayo, na moyo wangu ukasinyaa. Ningeweza kufunga daftari na kusema ile sentensi moja niliyoombwa. Badala yake, palepale, bila kuwa nimeandika neno, nikawaambia toba ile ilikuwa ya uongo. Midomo ya mchawi ikaanza kucheza tena. Darasa likalipuka kwa furaha. Dawati la mbele sikulitazama.

Msichana yule hakusoma tena mbele ya watu. Nilipomwita alisimama, kitabu amekifunga, akanyamaza mpaka nimwambie akae. Mwaka haujaisha, mama yake akampeleka Liuli kwa mama yake mdogo, na nikasikia kwamba huko shule hakuendelea nayo. Hadithi yangu niliendelea nayo mpaka muhula ukaisha. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka jana nilishuka Liuli kununua usipa, dagaa wetu wa Ziwa Nyasa. Mwanamke aliyekuwa akiwaanua kwenye chanja alinijua kabla sijamjua.

"Shikamoo mwalimu."

Nilipoitikia ndipo nikamtambua: yule msichana wa dawati la mbele. Simu yake ikalia, ujumbe umeingia. Hakuuangalia. Akampa binti yake wa miaka saba hivi. "Nisomee." Mtoto akasoma polepole: kikao cha wazazi, kesho saa nne.

"Lakini wewe ulikuwa msomaji hodari," nikasema.

"Nilikuwa, mwalimu," akajibu bila hasira, huku akijaza sado, kile kindoo cha kupimia.

Maneno ya kumwomba radhi nilikuwa nimeyabeba miaka mingi, na sasa mwenyewe alikuwa mbele yangu. Nikasema nataka sado mbili. Alipomaliza kupima akaniongezea viganja viwili vya bure, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wake. Nikatanua mfuko, nikapokea, nikasema asante.