Nilivyoikimbia Paipu Yangu Mwenyewe

Jamani, huu mkasa nilikuwaga sitaki kabisa kuusimulia, maana fundi umeme mzima kuonwa na nusu ya Bunda akiwa kichwa nje ya dirisha na miguu ndani, anapiga mateke hewani, si jambo la kujisifia. Lakini watu wanauongezea chumvi, bora niuseme mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile bidhaa zimeanza kurudi madukani, baada ya ule ukame wa hata sabuni kuisikia kwa jirani tu. Mzee Magesa, mkulima wa pamba wa Bunda, alinunua mashine ya kusaga ya umeme, akaniita kutoka Musoma nije kumfungia. Na mimi nilikuwa nimeshapeleka posa kwa binti yake, Nyamisi, jibu bado, kwa hiyo kazi ile ilikuwa mtihani.

Sasa, kutoka ukutani mpaka kwenye mota, nyaya zinataka kupita kwenye paipu ya kujikunja, kwa sababu mota inatetemeka na paipu ngumu itapasuka. Dukani, mtaa wa Mukendo kule Musoma, nikakuta aina mbili: ya chuma, imesokotwa pete kwa pete, imepauka kama imetoka vitani, na ya plastiki, mpya, imevuka mpaka juzijuzi, kijani mbichi, ina makunyanzi mwili mzima, inang'aa. Mwenye duka akasema, "Fundi, kwa mota chukua chuma." Nikamjibu, "Kaka, hayo mambo ya zamani." (Ukweli ni kwamba nilitaka Nyamisi aone kitu kipya.) Tena kwa uzuri wake nikaona dhambi kuikata, nikaiacha ndefu, ikalala sakafuni imejizungusha nyuma ya mashine.

Siku ya kufungua watu walijaa, akina mama na mahindi yao, wengine na mihogo mikavu, mchungaji ameshaomba, Mzee kavaa koti. Nikabonyeza swichi. Mashine ikanguruma, sakafu ikatetemeka, na ile paipu nayo ikaanza kucheza, inajikunja, inajikunjua, inatoka taratibu nyuma ya mashine kufuata miguu ya watu.

Shangazi yake Nyamisi ndiye aliyeiona. "Nyokaaa!"

Hapa ndipo penye aibu. Mimi niliyeinunua, niliyepitisha nyaya ndani yake kwa mikono hii, niliposikia nyoka sikuuliza nyoka gani. Mlangoni watu wamebanana, nikarukia dirisha, na dirisha lenyewe dogo (wanaogopaga wezi), kichwa kikapita, mabega yakapita, kiuno kikagoma.

Nyuma yangu nikamsikia Mzee, "Nipisheni!" Ana panga. Hapo akili ikanirudi, nikapiga kelele, "Mzee, usikate! Ni paipu!" lakini sauti yote ilikuwa inaenda barabarani. Akakata. Pigo moja tu plastiki ikafunguka kama ndizi mbivu, paaa! cheche, fyuzi zikakatika, mashine ikanyamaza, Mzee akaanguka kinyumenyume kwenye beseni la unga. Mpini wa mbao ndio uliomwokoa. Akainuka mweupe kuanzia nywele mpaka koti, akaichokoa maiti kwa ncha ya panga.

"Jamani, huyu nyoka mbona utumbo wake ni nyaya?"

Nyamisi akazunguka nje, akasimama mbele ya uso wangu.

"Ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Naenda kuangalia meni swichi."

"Meni swichi si iko ndani?"

Wanaume wakanivuta kwa miguu. Suruali ikatangulia.

Kesho yake nikarudi Mukendo kununua ya chuma (mwenye duka alishaiweka mezani kabla sijafungua mdomo, na hilo liliuma zaidi). Kabla sijaifunga, Mzee akaomba kipande, akakiweka juu ya jiwe, akakishushia panga. Chuma kikabonyea kidogo, panga likapata pengo. "We mura, kijana wangu, sasa hii ndiyo paipu," akasema. Nikaikata fupi, nikaibana ukutani, nikaiunga na waya wa ardhi.

Posa ilijibiwa baada ya pamba kuuzwa. Mzee alisema mbele ya ukoo mzima, "Umeme anaujua. Ila akiingia nyoka nyumbani kwao, atakayeua ni binti yangu." Watu wakacheka hadi wakashika mbavu, nami nikakubali sharti hilo bila kubisha. Tangu siku hiyo, penye mota naweka chuma, naikata kwa kipimo, na kabla ya kuwasha namwonyesha kila mtu paipu ilipo, nikianza na mimi mwenyewe.