Kura za Salamu

Siku ya kwanza ya kazi nilivaa tai na kubeba vyeti vyangu vyote katika bahasha. Madame Mbunge hata hakuifungua. Alinionyesha korido ya ofisi yake ya Saint-Josse, hapa Bruxelles, Ubelgiji: viti tisa, watu kumi na wanne. "Monsieur Zacharie," akasema, "kazi yako ni kusalimia. Mtu asiingie kwangu kabla hujamwuliza habari za watoto wake." Nilikasirika, sifichi. Bukavu nilikuwa mwalimu wa sekondari. Hapa nimekuwa wa kusalimia!

Niwaeleze vijana. Madame alikuwa mbunge wa mkoa wa Bruxelles, si wa bunge la taifa. Asubuhi mbili kwa wiki alifanya permanence, yaani alikaa ofisini mlango wazi, anayetaka aje na shida yake: nyumba yenye unyevu, shule ya mtoto, barua isiyoeleweka ya komini, yaani manispaa. Mimi, msaidizi wake, nilisikiliza, nikafungua mafaili, nikapiga simu. Baada ya mwezi nilikuwa nimeelewa. Mtu aliyesalimiwa vizuri husema shida yake ya kweli. Asiyesalimiwa husema ile aliyoiandaa njiani.

Juu yetu alikuwepo katibu wa kundi la wabunge wa chama, bwana mwembamba aliyepanga orodha ya wagombea. Katikati ya miaka ya tisini, uchaguzi ulipokaribia, akamshusha Madame mpaka nafasi ya nane. "Watu wa korido hawapigi kura," alimwambia mbele yangu. Moyo uliniuma. Nikasema kimoyomoyo: utaona!

Karatasi ya kura wakati ule ilikuwa na majina mengi, kila jina na kiduara chake cha kujaza kwa kalamu nyekundu. Juu kabisa kulikuwa na kiduara kisicho na jina, cha kichwa cha orodha. Ukijaza hicho, kura yako inaingia chungu cha pamoja, na chungu kinalisha wagombea kwa zamu kuanzia wa kwanza. Kwa wa nane kinafika kimekauka. Aliyewekwa chini anategemea kura za jina lake tu.

Basi Jumapili moja, baada ya misa, nikawakusanya watu wetu wa Kivu waliokwisha kupata uraia. Walijaza benchi sita. Nikabandika karatasi ya mfano ukutani na, mwalimu ni mwalimu, nikatafuta mfano wa nyumbani. "Hii ni nyumba," nikasema. "Huku juu ni mukubwa wa nyumba. Chini yake watoto, mumoja mumoja. Madame wetu ni wa nane." Wakatikisa vichwa kukubali. Maman Furaha, kiongozi wa kwaya, akasema, "C'est clair, papa." Nikarudi kwangu Saint-Gilles nikiimba.

Matokeo yakatoka. Madame alikosa kiti kwa kura ambazo hazingejaza hata benchi nne.

Jumapili iliyofuata Maman Furaha alinipokea mlangoni mwa kanisa akitabasamu. "Alors, papa, Madame amepita?"

"Ameanguka, maman. Mulipiga wapi?"

"Kule juu, bien sûr! Kwa mukubwa. Utaingia kwa watu, umupite mukubwa, uende kusalimia mutoto wa nane? Njo heshima gani ile?"

"Na jina la Madame?"

"Mais papa! Mukubwa si atamugawia?"

Mungu wangu! Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi. Maman Furaha hakukosea. Mimi niliwaambia ni nyumba, nao wakaingia kama watu waliolelewa.

Kesho yake, tukipanga mafaili ya ofisi katika maboksi, nilimweleza Madame yote, machozi yananitoka. Alimaliza kufunga boksi, akalinyanyua. Kisha akauliza, "Na wewe, ulipiga wapi?"

"Mimi sina kura, Madame. Faili langu la uraia bado linangoja."

Aliweka boksi chini. Barua yake moja ingeweza kulisukuma faili lile. Aliwaandikia wengi, na barua hizo nilizipiga chapa mimi. "Mbona hukuniomba?"

"Korido ilikuwa imejaa, Madame. Sikutaka kuwapita."

"Kila asubuhi nilikuuliza habari za watoto," akasema. "Hili sikuuliza." Naye akalia.

Katibu yule yule alinichukua katika ofisi ya kundi, na huko nilifanya kazi mpaka kustaafu. Ninyi mnaoanza kazi hii, mkimfundisha mtu, mpeni kalamu ajaze mbele yenu, halafu mnyamaze mtazame. Msiridhike na ndiyo. Watu wetu husema ndiyo kwa heshima, na mimi, mmoja wao, nilipaswa kujua. Dakika tano tu za kutazama, Madame angebaki bungeni. Bado inaniuma.

Uraia wangu ulifika kabla ya uchaguzi uliofuata. Madame, ambaye hakugombea tena, alikuja kwa metro kutoka kwake Woluwe kunisindikiza, akangoja mvuani nje ya shule tuliyopigia kura. Ndani, karatasi hazikuwepo tena; kulikuwa na mashine na kalamu ya mwanga. Nilisoma majina ya chama mara mbili, kama mtu anayetafuta ndugu yake kwenye gari moshi. Lake halikuwepo. Nilijua, lakini nilitafuta.

Nilipotoka akauliza, "Haya, umepiga wapi?"

"Kule juu, Madame. Nimemsalimia mkubwa."

Alicheka mpaka akashika uzio wa shule. Halafu akapangusa macho, akaniuliza habari za watoto.