Singo ya Nyanya, Krimu ya Shangazi

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa na uso wa mtu mmoja na vifundo vya vidole vya mtu mwingine. Krimu ilikuwa imemng'arisha mashavu, lakini vifundo vilikataa katakata. Mwenyewe alijiona malkia. Pale Malindi, miaka ile ya themanini, Wataliano walikuja kujianika mchangani kama papa ili wapate weusi kidogo, naye shangazi akajifungia chumbani na kopo lake ili aupoteze wa kwake. Sijui nani alikuwa mpumbavu zaidi. Mimi niliwashinda wote.

Wiki tatu kabla ya arusi yangu alikuja akaketi kitandani kwangu, akanitazama juu chini.

"Mwanangu, ndivyo utakavyotolewa nje, na weusi huu? Watu watasema nini?"

Kutolewa nje ndiko kulikonitia hofu. Bibi arusi hupambwa, akaketishwa mbele ya wanawake wa mji, macho ameyafumba, hasemi neno, nao humkagua tangu utosini hadi unyayoni. Nikalipokea kopo.

Nyanya yangu, mama yake mama, ndiye aliyekuwa akiwasinga maharusi wa mtaa wetu. Aliitwa hadi Mambrui, hadi Kilifi. Singo aliitwanga mwenyewe kwenye kinu chake: mawaridi makavu, sandali, maganda ya machungwa, kisha akaikoroga kwa marashi. Ukisuguliwa nayo mwili mzima, taka zote hutoka, ngozi ikabaki laini na harufu ikakukaa siku kadhaa. Mimi niliiona uchafu wa vikongwe. Kila nikitoka kuoga nilijipaka krimu kwa siri, na baada ya wiki mbili nikawa mweupe, nikaanza kuwaonea huruma binamu zangu. Upuuzi mtupu.

Siku ya kusingwa ilipofika, nyanya alinilaza mkekani, akaanza na mashavu. Aliposugua mara ya pili nikapiga ukelele. Akautazama mkono wake. Ngozi yangu ilikuwa imo ndani ya singo, nyembamba kama ganda la kitunguu.

"Umejitia nini usoni?"

"Sijatia kitu, Nyanya."

Akaninusa shavu. Hakuuliza tena. Aliniosha kwa maji baridi, akanipaka mafuta ya nazi, na kwa siku nne zilizobaki akaja asubuhi na jioni kunipaka hayo hayo. Mama alipouliza, alijibu kwamba ananilainisha.

Haikusaidia. Siku ya kutolewa nje uso wangu ulikuwa wa mabaka, mekundu hapa, meusi pale, na poda ilizidi kuyaonyesha. Nikafumba macho. Mnong'ono ulianzia nyuma ukaja mbele, kisha nikasikia sauti ya shangazi, wazi kabisa, ya mtu anayetaka asikiwe.

"Si nilisema? Ajuza mikono mizito. Amemchuna mtoto wa watu kwa singo yake."

Nyanya alikuwa ameketi ubavuni mwangu. Niliyasikia marashi yake. Neno moja tu kuhusu krimu lingemwokoa. Hakulitamka. Lilikuwa langu, naye alikuwa akiningoja mimi.

Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba mila hairuhusu, bibi arusi hasemi. Mila niliyoidharau wiki tatu nzima, siku hiyo niliikumbatia kwa mikono miwili, na hadi leo najidharau kwa hilo kuliko kwa krimu.

Nyanya hakuitwa tena kusinga mtu. Kinu chake kikawa cha kutwangia bizari. Uso wangu ulipona baada ya miezi, na alipokuja kunitembelea kwa mume wangu alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku.

"Alhamdulillahi, umerudi," akasema, kisha akaomba chai.

Nilimpa chai. Shangazi, na vifundo vyake, aliendelea kualikwa kila arusi na kuketishwa mbele.

Bibi arusi hutakiwa anyamaze alasiri moja tu. Mimi nilinyamaza mpaka tulipomzika nyanya.