Miaka miwili ya kichurachura, kumbe shida ilikuwa mkono ulioshika fulana

Wakuu, salaam.

Leo naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Atakayesema hii ni chai aje Bunda nimuoneshe goti langu.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa mtoto mmoja, na nachezaga voliboli timu ya wanawake hapa mjini. Zamani nilikuwaga mshambuliaji tegemeo. Nilipojifungua nikarudi uwanjani, nikawa siruki. Napandishiwa mpira vizuri kabisa, mkono unaishia kwenye utepe wa wavu.

Kocha wetu alipata jibu siku hiyo hiyo. "Mama Neema, umezaa, umekuwa mzito. Kichurachura!"

Basi nikarushwa kichurachura. Mtu mzima, nimechuchumaa, mikono masikioni, naruka kama chura uwanja mzima, kila jioni, kama mwanafunzi aliyechelewa namba.

Miaka miwili!

Goti la kulia likaanza kuvimba. Nikiinuka kwenye cherehani lazima nishike meza. Nikimwambia kocha, anasema huo uvivu.

Mwaka huu tukaambiwa tunaenda Musoma, mashindano ya mkoa. Ikabaki nafasi moja ya mshambuliaji. Kocha akatangaza mbele ya wote kwamba nisipobadilika, anampa mwingine. Wakuu, niliitaka ile nafasi mpaka nikawa naiota.

Tukaenda Butiama kucheza mechi ya kirafiki. Timu pinzani ina dada anaitwa Rhobi, mwalimu, mfupi kuliko mimi, ila anaruka utadhani ardhi inamuunguza. Mechi ilipoisha akanifuata.

"Dada, samahani. Mbona ukiruka unashika fulana?"

Nikamwambia sishiki. Akasema haya, ruka. Akanirekodi kwa simu, slow motion.

Jamani. Mkono wa kushoto umeng'ang'ania pindo la fulana, mwili unapanda upande upande. Nilitazama mara tatu, nikalia pale pale.

Nimesoma msingi huko Mugeta. Tulikuwa tunacheza na sketi za shule, wavulana wamejaa pembeni, na mwalimu wa zamu anafoka: "Wewe binti, shika sketi!" Ukubwani niliacha kushika. Nilipozaa, tumbo likawa na mistari, fulana ikipanda naona aibu. Mkono ukarudia kazi yake bila kuniuliza.

Rhobi akanielekeza. Mikono yote miwili irudi nyuma, halafu irushe juu pamoja na mwili, ndiyo inayokuvuta. Hatua ya kabla ya mwisho iwe ndefu, ya mwisho fupi na ya haraka. Ukitua, kunja magoti.

Dakika kumi tu! Sasa kocha wangu miaka yote miwili alikuwa anatazama nini? Ngoja ninyamaze nisije nikapigwa ban.

Nikajishonea bukta ndefu na fulana ya kubana ya kuchomekea, hata niruke vipi tumbo halionekani. Fundi mzima, sikuwahi kuwaza hilo!

Mchana wateja wakipungua natoka nyuma ya duka, nashika chaki ya kukatia nguo, naruka mara chache kwa sababu ya goti, naweka alama ukutani. Wiki ya sita nikapima kwa futi: alama imepanda sentimita tisa. Kichurachura hata kimoja sikuruka; jioni kikianza tu, nasingizia wateja naondoka.

Siku ya kuchagua timu nikapaa, nikaushindilia mpira, hakuna aliyeugusa. Jina langu likaandikwa.

Kocha akapiga makofi. "Mmeona? Hayo ndiyo matunda ya kichurachura!" Akawageukia mabinti wa sekondari wanaofanyaga mazoezi na sisi. "Haya, mikono masikioni, mizunguko kumi, mje mruke kama Mama Neema."

Kwa jina langu!

Nikamwona binti wa mbele anachuchumaa, mkono mmoja sikioni, mwingine unavuta sketi. Uvumilivu ukanishinda.

"Kocha, kichurachura kimenipa goti bovu, hakijanipa kingine. Nyie, simameni. Achieni hizo nguo, rusheni mikono."

Wakasimama. Na yeye akakata jina langu hapo hapo.

Timu imeondoka kwenda Musoma leo asubuhi. Mimi niko dukani. Roho inaniuma, siwadanganyi.

Ila mchana wamekuja mabinti wanne, sijawaita. Wakazunguka nyuma ya duka kuangalia zile alama. Yule wa mbele akaniomba chaki. Akaruka, mikono yote miwili juu.

Nilichojifunza: mtu asiporuka, mtazame kwanza anarukaje, adhabu haifundishi mtu kuruka. Na kama una aibu na mwili wako kama mimi, tafuta nguo inayokusitiri, mikono uiache ifanye kazi.

Makocha mliomo humu, njooni mjitetee. Na wadada mliosoma na sketi, niambieni: mpaka leo mkiruka, mkono wenu uko wapi?